Nataka Kung'oa Kiyoyozi cha Pijo, Mke Wangu Anasema Nitatoboa Mbingu

Mama Merina, shikamoo. Kabla sijaeleza lolote nakuomba ulifiche jina langu, kwa sababu hapa Katindiuka gazeti lako linasomwa hata likiwa limeshafungiwa vitumbua, na mimi nimechekwa vya kutosha.

Mimi ni mkulima wa mpunga, mke wangu anaitwa Kandida, tuna watoto wanne na huyu mchanga wa tano, na nina gari aina ya Pijo nililonunua kwa mzungu wa mradi wa visima aliyekuwa anarudi kwao, na gari hilo, Mama Merina, lina kiyoyozi, na kiyoyozi ndicho kitu pekee kinachofanya kazi sawasawa, maana breki ni za kubembeleza na mlango wa nyuma nimeufunga kwa kamba, lakini ukiwasha ile baridi, meno yanagongana.

Kandida alipojifungua, mama yake alishuka kutoka Mahenge kuja kumsaidia, nami kama mkwe mwema nikampa chumba kizuri chenye bati jipya, upande wa jua la jioni, dirisha nimeliziba kwa magunia ya mpunga ili wezi wasiingie, lakini siku ya pili tu akaomba apumzike kidogo ndani ya gari na mjukuu wake, nikawasha injini na kiyoyozi kwa heshima, na tangu hapo hajatoka, anachambua mchele humo, anasali rozari humo, mtoto analala humo, wanajumuiya wenzetu wa kanisani wakija kumsalimia wanaingia nao humo wanafunga vioo, petroli inakwisha gari likiwa limesimama, na mimi siwezi kumwambia mama mkwe shuka, wewe mwenyewe unajua mkwe ni mtu wa kusalimiwa kwa mbali ukiwa umeinamisha kichwa.

Tena sasa ni mavuno, magunia yananisubiri shambani Michenga, na nikipakia gari linachemka kabla sijafika barabarani, fundi wangu Nazari akaniambia ni ile kompresa ya kiyoyozi inakula nguvu ya injini, akasema, "Bosi, tuing'oe. Nakata bomba kwa msumeno, gesi inapiga psii, kazi imekwisha." Nikaona Mungu amenijibu mambo mawili kwa mpigo, gari litavuta na mama mkwe atashuka bila mimi kufungua mdomo.

Lakini Kandida alikuwa dirishani. Akatoka na mtoto mgongoni, akasema, "Bomba hilo halikatwi. Redio imesema gesi ya mafriji na viyoyozi inapanda juu inatoboa tabaka linalotukinga na jua. Unataka kumtobolea mwanao mbingu?" Nikacheka, nikamwambia mbingu si ndoo, akanijibu, "Cheka. Jumamosi nitalisema kwenye sala ya jumuiya." Na kweli akalisema, Mama Merina, nikiwa nimekaa pale pale kwenye benchi, na mama mmoja akapiga magoti akaomba kwa sauti, "Tumwombee ndugu yetu mwenye Pijo, anayetaka kutoboa mbingu, Ee Bwana," na wote wakaitikia, "Twakuomba utusikie," na katekista alikuwa wa kwanza.

Hapo nikaingiwa na wazo kwamba hili la mbingu ni njama, kwamba Kandida na mama yake wamelitunga ili baridi isiondoke, lakini kwa kutaka amani nikakubali gesi isimwagwe, ikamatwe, na jirani yangu Seni, Msukuma mwenye ng'ombe wengi, akasema hilo ni jambo dogo, akaleta tyubu ya trekta, akasema, "Tyubu hii imebeba trekta zima, itashindwa na hewa ya Pijo?" Tukamwomba mama mkwe kupitia kwa Kandida ashuke kwa muda, akaketi mkekani na bakuli lake la maharage, karibu na jiko, anatutazama.

Nazari akafunga mpira kutoka kwenye kiyoyozi hadi kwenye tyubu, akaukaza kwa vipande vya mpira wa baiskeli, akafungua nati. Tyubu ikavimba, Seni akapiga makofi, ikazidi kuvimba, Seni akaacha kupiga makofi, ikawa na tumbo kama ng'ombe aliyevamia shamba la mpunga, kisha mpira ukachomoka, na ile tyubu ikaondoka, Mama Merina, iliondoka kweli kweli, ikapita juu ya mpunga nilioanika, ikatawanya kuku, ikapindua sufuria ya maharage iliyokuwa jikoni, ikaja kujilaza miguuni pa mama mkwe huku ikimpulizia. Mimi nikarukia mpira uliobaki kwenye gari nikaushika kwa mkono mtupu ili gesi isiendelee kutoka, vidole vikawa vyeupe kama nimevipaka unga, vikauma kama moto, na kwa yale maumivu nikatamka neno moja ambalo hata wewe siwezi kukuandikia. Nililitamka nikiwa nimemtazama mama mkwe, kwa sababu ndiko uso ulikokuwa umeelekea.

Nazari akakaza nati. Mama mkwe akasimama, akajifunga kanga vizuri, akasema polepole, "Kandida, mumeo amenitukana," akaondoka kwa miguu hadi Kibaoni kwa binti yake mdogo, Gladness, na hajarudi. Sasa Kandida haongei na mimi isipokuwa kupitia kwa mtoto mchanga, anamwambia, "Mwambie baba yako wali uko mezani," na mtoto hajui hata kukaa. Kompresa bado ipo na gesi iliyobaki bado imo, mpunga uko Michenga, vidole vina malengelenge. Je, hiyo habari ya mbingu ni kweli au nimechezewa? Hiyo gesi niipeleke wapi? Na mama mkwe nimrudishe kwa mdomo gani?

Mwenye Pijo, Katindiuka

MAMA MERINA ANAJIBU:

Marahaba. Jina lako nimelificha, lakini umemtaja mkeo, shemeji yako, fundi wako, jirani yako, rangi ya vidole vyako na gari lako. Ifakara nzima itasoma na kusema ni fulani. Vumilia.

Pole kwa vidole. Na sasa pole imekwisha.

Hujachezewa. Mkeo amesema kweli. Mbingu haitoboki kama ndoo, ila gesi ya viyoyozi vya magari ya zamani ikiachiwa hupanda juu sana na kulila taratibu lile tabaka linalopunguza ukali wa jua. Utasema gesi ya Pijo moja ni kidogo. Kila mwenye gari anasema hivyo hivyo, naye fundi wake ana msumeno. Kwa hiyo leo, kabla hujala, mwambie Kandida maneno haya, umtazame yeye na si mtoto: "Ulisema kweli, nami nilikucheka." Usiongeze "lakini".

Gesi ile haikai kwenye tyubu, wala kwenye mpira wa aina yoyote, wala Seni asilete pipa. Imeshindiliwa humo kwa nguvu. Ikitoka hugandisha nyama ya mtu, na ikikutana na moto hugeuka sumu ya kuvuta. Nyinyi mkaipeleka jikoni! Shukuru kwamba kilichopotea ni sufuria ya maharage. Nenda hospitali ukaonyeshe huo mkono, na usiyapasue malengelenge kwa sindano ya kushonea magunia. Nakujua.

Nimemuuliza kwa ajili yako Melkiori, fundi majokofu wa Morogoro. Alicheka mpaka akaweka simu chini, kisha akairudia. Anayo mashine ya kunyonya gesi na mtungi wa chuma wa kuitunza, nayo husafishwa ikatumika tena kwenye friji nyingine. Akishainyonya yote, hapo ndipo kompresa inang'olewa na mabomba yanazibwa, siyo kabla. Kuhusu mavuno, anasema mwambie Nazari avue ule mkanda unaozungusha kompresa, mkanda tu, bila kugusa nati wala bomba. Kompresa itasimama na injini itapumua. Leo leo utaenda Michenga. Ndiyo, baba, kelele zote hizi na kumbe ilikuwa kuvua mkanda.

Sasa mama mkwe. Huyu mama ametoka Mahenge, kwenye ukungu na blanketi mbili, ukamweka chini ya bati lisilo na dari, upande wa jua la jioni, na dirisha ukaliziba kwa magunia. Hicho si chumba, hiyo ni tanuri. Wewe ulidhani anapenda gari, mwenzio alikuwa anaokoa maisha yake na ya mjukuu wake. Ondoa magunia leo. Kata matete, weka dari. Na mtoto asilazwe tena ndani ya gari lililowashwa na kufungwa vioo. Moshi wa injini huua bila kubisha hodi, na hilo mngelilia mpaka leo.

Dari ikikamilika, usiende Kibaoni peke yako. Mkwe haombwi radhi na mkwe aliye peke yake. Tafuta mtu mzima wa upande wako anayeheshimika, mtangulize Kandida, chukua kuku mmoja kati ya wale waliotawanyika, na mchele uliopepetwa. Mtu mzima aongee. Wewe inama, toa shikamoo, sema ulimi uliteleza kwa maumivu, kisha nyamaza. Omba asikuulize neno lile lilimaanisha nini, na akikuuliza, usimweleze.

Mavuno yakiisha, endesha taratibu hadi Morogoro, breki zitengenezwe kwanza, nimeona ulivyozipitia haraka haraka kwenye barua. Mkabidhi Melkiori funguo, rudi nyuma hatua kadhaa, na mpaka atakapomaliza, mikono yako ikae mfukoni.