Blanketi Nililolifunga Bombani

Mwanangu Tšeliso,

Kondoo wote ni wazima, ila theluji haijatoka mlimani. Bomba la uani lilikuwa likiganda kila siku, basi nikalizungushia blanketi la marehemu baba yako, lile ulilokuwa uachiwe.

Jana baba yako mdogo Sekhonyana alikuja kugawa nguo za marehemu.

“Shemeji, blanketi la kaka liko wapi?”

“Limevaliwa na bomba.”

“Kumbe bomba ndilo mrithi!” Akacheka.

Tulilikuta bomba limepasuka, na blanketi limelowa, limeganda kama ubao. Tulipolivuta likachanika vipande viwili.

Nimevikausha jikoni, nikavinusa kila pembe. Havina tena harufu ya baba yako. Nisamehe, mwanangu.

Mama yako,
’Matšeliso