Mapafu ya Mwalimu

Mshauri mpendwa,

Mapafu yangu ni mazima. Yamekuwa mazima siku zote, na hilo ndilo nililowaficha mke wangu, majirani, katekista na padre tangu mwaka ule wa korona, na sasa naomba unisaidie kabla siri haijanitoka mikononi, kwa sababu ninakufa, si kwa mapafu bali kwa moyo, na sijui kama niende nayo kaburini au nimwambie Philomena.

Nieleze kwa mpangilio, maana nilikuwa mwalimu na sipendi kueleza ovyo, ingawa siku hizi nikikaa nataka kusimama, na nikisimama miguu iliyovimba inanirudisha kitini. Nilifundisha sekondari maisha yangu yote ya kazi, nikastaafu nikarudi kwetu Endagikot, na huko kustaafu kukawa jina tu, kwa kuwa nyumba yangu iligeuka ofisi isiyo na saa ya kufunga: huyu anataka nimwandikie barua kwa mkuu wa wilaya, yule amegombana na nduguye juu ya mpaka wa shamba la vitunguu swaumu, mwingine ameleta mtoto aliyefeli niseme naye, kamati ya harusi imekaa sebuleni, jumuiya inasali uani, na wote wakiingia wanasema, "Shikamoo Mwalimu, hatukai sana," halafu wanakaa mpaka ng'ombe wanarudi. Sikumbuki kama kwa miaka yote ile niliwahi kumaliza chai yangu ikiwa bado ya moto.

Ndipo ugonjwa ukaja. Shule zikafungwa, ndoo za maji na sabuni zikawekwa milangoni, watu wakaanza kusalimiana kwa viwiko, na sisi wazee tukaambiwa tukae ndani. Niliogopa, sitasema sikuogopa, nilisikiliza redio mpaka usingizi ukanikimbia, nikawa naweka mkono kifuani kuzipima pumzi zangu, nikanawa mpaka ngozi ya vidole ikachanika. Lakini asubuhi moja niliketi na chai, mvua inapiga bati, hakuna aliyebisha hodi, nikainywa mpaka tone la mwisho ikiwa ya moto, na nikajisikia raha ambayo nimeona aibu kuitaja mpaka leo, kwamba watu wanazikwa na mimi nina raha.

Baadaye hofu ikapungua. Watu wakarudi makanisani na minadani, wakashikana mikono, barakoa zikabaki zinaning'inia kwenye misumari. Wenzangu walipofungua milango yao, mimi nikahitaji sababu ya kuendelea kuufunga wangu. Nilikuwa nimekwenda hospitali kwa kikohozi kidogo cha baridi, na niliporudi nikamwambia Philomena kuwa daktari amesema mapafu yangu yamebaki dhaifu na mgeni mmoja mwenye mafua anaweza kunimaliza. Daktari hakusema hivyo. Alinipa dawa ya kifua akaniambia nivae sweta.

Philomena aliniamini bila swali hata moja. Akaweka ndoo getini, akawa yeye ndiye mlinzi. "Mwalimu amelala. Mapafu." Mwanzoni watu walimtania. Tluway, mwanafunzi wangu wa zamani ambaye sasa ni jirani yetu, alisimama nje ya uzio akapaza sauti ili nimsikie huku ndani: "Mama, Mwalimu yupo kweli, au mmemzika kimya kimya ili tusile makande ya msiba?" Philomena akacheka, akamjibu, "Nenda zako Tluway, hata darasani ulikuwa na kelele." Mwaka uliofuata Tluway hakupaza sauti tena. Alisema tu, "Basi siku akifa atutumie meseji," akaenda zake.

Sisi Wairaqw tuna desturi ya zamani iitwayo metimani. Mtu aliyeguswa na mauti ya namna fulani hutengwa, haingii nyumba ya mtu, hali wala hanywi na wenzake, mpaka muda wake uishe na watu wamtoe, kwa kuwa aliyetengwa hajitoi mwenyewe. Nilipokuwa nafundisha niliwaambia wanafunzi kuwa hayo ni mambo ya mababu. Sasa wazee wa hapa walipoona geti langu limefungwa wakaelewa kwa akili ile ya kale: nyumba ile imetengwa. Hakuna aliyekuja tena kwa Philomena kuazima jembe wala kuomba chumvi, na wanawake walipopaliliana mashamba kwa zamu waliliruka la kwetu, wala si kwa ubaya, ni kwa heshima. Nilijua wanavyofikiri. Ningeweza kuwasahihisha kwa sentensi moja. Nikanyamaza, maana kimya chao kilinifaa.

Aliyelipa ni yeye. Aliacha kwaya, yeye aliyekuwa akianzisha wimbo kanisa zima likamfuata. Aliacha jumuiya. Sokoni anakwenda alfajiri kabla watu hawajajaa, na akirudi anabadili nguo bandani ndipo aingie ndani. Katekista Onesphory ananipitishia komunyo dirishani, nami naipokea kwa ulimi huu huu. Severina, dada wa mke wangu, alipofariki kule Hirbadaw, upande wa Hanang, Philomena hakwenda kuzika, aliamua mwenyewe kubaki na mimi. Siku hizi anaongea kwa sauti ya chini hata tukiwa wawili tu. Jioni moja nilimsikia bandani anamkamua ng'ombe huku anamsimulia habari zote za sokoni, nani ameolewa, nani ameuza shamba, kisha akanyamaza kidogo kama mtu anayesubiri kujibiwa, halafu akaendelea.

Miguu ilipoanza kuvimba nikapelekwa hospitali. Daktari aliyepo sasa ni kijana kutoka Kilimanjaro, anaitwa Godlisten, hanijui wala hajui sifa zangu. Alisikiliza kifua, akaitazama picha, akasema, "Moyo wako umechoka sana, mzee wangu. Ila mapafu, hongera, ni ya kijana." Philomena alikuwa ametoka kununua maji ya kunywa. Daktari akaongeza kwamba nikirudi kliniki nije na mama, ili amweleze yeye mwenyewe hali yangu yote na jinsi ya kuniuguza. Tangu siku hiyo situlii. Pikipiki ikipita barabarani nadhani inaleta ujumbe wa hospitali. Nimefikiri kusingizia kwamba safari siiwezi, nimefikiri kumwomba daktari anyamaze, nimefikiri hata kufa kabla ya tarehe yenyewe, na hilo nimeona kama nalitamani likanitisha. Nikiondoka bila kusema, atanililia akidhani alikuwa akiupigania uhai wangu. Nikisema, atajua miaka yake ilikwenda wapi. Nifanye nini?

Maximilian, mwalimu mstaafu, Endagikot.

JIBU LA MSHAURI

Shikamoo, Mwalimu. Nimekuamkia kwanza kwa sababu haya ninayotaka kusema hayasemwi kwa mtu mzima bila kumwamkia.

Kuogopa kwako hakukuwa kosa. Hata ile raha ya chai ya moto haikuwa kosa. Ugonjwa ule ulitubadilisha wengi, na wengi tunajifanya tumerudi vilevile. Napata barua za watu ambao mpaka leo wakikaa katikati ya umati jasho linawatoka, na za wengine ambao hawawezi kukaa peke yao hata saa moja. Wewe ulikuwa umechoshwa na watu kwa miaka mingi, na ugonjwa ukakupa mlango. Pole kwa uchovu huo. Naamini hakuna aliyewahi kukuuliza kama umechoka.

Lakini ungeweza kusema. Ungemwambia mkeo, "Philomena, nimechoka, nataka asubuhi ziwe zangu," angekulindia asubuhi hizo. Mwanamke aliyeweza kumnyamazisha Tluway kwa sentensi moja angeshindwa na kamati ya harusi? Ulichagua ugonjwa kwa sababu mgonjwa habishiwi. Ukamkabidhi mkeo uongo aubebe getini kwa mdomo wake, yeye akidhani anabeba ukweli.

Unasema unaogopa kumvunja moyo. Mwalimu, soma tena barua yako. Unaogopa daktari atakuwahi. Hofu hizo mbili usizichanganye.

Umeniandikia kwamba aliyetengwa kwa desturi yenu hajitoi, hutolewa. Sawa. Sasa niambie, ni nani atakuja kumtoa Philomena, ikiwa wote wanaamini kutengwa kwake ni kwa haki? Ukifa kimya, wewe utatoka kwa jeneza, naye atabaki ndani ya uzio ule ule. Majirani hawatajua wamrudie vipi, na yeye hatajua kuwa anaruhusiwa kurudi. Atabaki na ng'ombe wake. Kwa hiyo swali la kusema au kutosema halipo. Utasema.

Useme kabla ya kliniki. Useme mchana, mkiwa mmekaa, si kitandani na si katikati ya maumivu. Usianze na moyo uliochoka, maana ukitanguliza kifo atakuhurumia kabla hajakusikia, na huruma yake umeshaitumia vya kutosha. Usilie ili akubembeleze. Usiombe msamaha ukitaka jibu siku hiyo hiyo. Hilo ni lake, atalitoa akitaka, na asipotaka utaishi nalo muda uliobaki. Akikasirika, kaa hapo hapo usikie. Ulisikiliza malalamiko ya kata nzima, utashindwa ya mkeo?

Baada yake mwite Tluway, umwambie kwa mdomo wako. Ukimwambia yeye, umewaambia wote, nadhani wamjua. Ndoo ya getini iondolewe. Padre aje, aingie mlangoni. Na Philomena akitaka kwenda popote, aende, nawe uuguzwe na atakayekuja. Watakuja na kelele zao. Chai yako itapoa. Inywe hivyo hivyo.

Tena kuna jambo moja. Barua yako haina haraka, Mwalimu. Umenieleza ndoo, sweta, komunyo, hata mazungumzo ya bandani. Lakini anapozikwa dada wa mkeo unapita mbio: "aliamua mwenyewe." Huku kwetu mwanamke haachi kumzika dada yake kwa kuamua mwenyewe. Sijui siku ile kulitokea nini. Wewe unajua. Mwambie hilo, maana mapafu naona ni utangulizi tu.

*

(Jibu hili nilimpelekea yeye kwanza, kabla halijachapwa. Baadaye aliandika tena, akaomba yote yatoke pamoja na majina yabaki kama yalivyo. Mkewe amekubali.)

Mshauri,

Nimemwambia. Alikuwa anachambua maharage kwenye ungo, na hakuacha kuchambua. Nilipomaliza akauliza, "Sweta?" Nikamwambia ndiyo, daktari alisema sweta tu. Akasema, "Na mimi nikakufumia mawili." Kisha akaweka ungo chini, akaenda getini, akamwaga maji ya ndoo na kuifunika kifudifudi kwenye nyasi.

Tluway alikuja. Alisimama mlangoni akizungusha kofia mikononi kama siku alizokuwa akichelewa darasani, akanitazama miguu. "Shikamoo Mwalimu. Nilisubiri meseji nikaona haifiki, nikasema nije mwenyewe." Nilimweleza yote, akatikisa kichwa muda mrefu. Alisema mama yake mzazi, kabla hajafariki, alikuwa akitaka kumletea Philomena mbegu za maboga, akazuiwa na wazee. Wenzake wameanza kuja, wanakaa, hawaondoki. Kelele zinanichosha na siombi zipungue. Chai imepoa hapa mbele yangu.

Philomena ameondoka leo asubuhi kwenda Hirbadaw kwenye kaburi la dada yake. Hakusema atarudi lini, nami sikuuliza, japo masikio yangu yako barabarani. Kliniki nitakwenda na atakayekuwepo.

Uliniuliza kuhusu siku ile. Nilimwambia leo, akiwa ameshashika kikapu, na nakuandikia kama nilivyomwambia. Siku ya msiba wa Severina alisimama pale pale mlangoni, amefunga kitenge, kikapu mkononi, gari linampigia honi barabarani. Akaniuliza, "Nikienda, utakuwa salama?" Nilijua akienda kuzika, waombolezaji watamrudisha mpaka nyumbani kwa desturi, wataingia, watakaa, na nyumba itajaa tena. Kifuani sikuwa na kitu. Nikakohoa.