Bangili Niliyoikata Kabla ya Kuipima

Jumamosi, alasiri. Kiwalani.

Mvua ya asubuhi imeacha matope mpaka mlangoni, na joto limerudi palepale kama halikuwahi kuondoka. Nimekaa kitandani na kompyuta mapajani, miguu hata sijanawa. Naogopa, na leo nataka niandike naogopa nini, maana kichwani mambo yanazunguka tu bila mwisho.

Kwanza, majina humu nimeyabadili yote. Kinondoni ni kubwa, msijisumbue kumtafuta mtu. Na nyie mnaoisoma blogu hii hamfiki hata ishirini, wala hamnijui kwa sura.

Mnajua nasoma usonara, mwaka wa pili. Mwezi uliopita nilipata mteja wangu wa kwanza wa kweli. Simaanishi mwanafunzi mwenzangu anayetaka pete yenye herufi ya mpenzi wa wiki hii. Mteja mtu mzima, mwenye dhahabu yake. Nitamwita Bi Thureya. Mama yangu anapaka hina maharusi, na nyumba ya Bi Thureya ameiingia kwa kila harusi tangu mimi sijazaliwa. Mama ndiye aliyenisifia huko, na mama akianza kusifia hajui kusimama. Alipomaliza, nilikuwa sonara wa masultani.

Bi Thureya anamwoza mjukuu wake, Nasra, na alitaka amvishe kidani kilichotokana na bangili ya marehemu mama yake. Bangili zenyewe ni mbili, mahari ya marehemu. Moja Bi Thureya anaivaa, haijatoka mkononi mwake miaka na miaka. Ya pili ilikuwa kabatini, imefungwa kwenye kitambaa, na hiyo ndiyo aliyonikabidhi.

Nilimchorea michoro sita. Akapenda wa sita, wa kikuba, kile kishada cha maua cha kuvaa. Marehemu alikuwa akiwatungia vikuba maharusi wa mtaa mzima, asumini na rihani na vilua, kwa hiyo nikawaza kidani kiwe kikuba cha dhahabu, chenye maua saba, moja kwa kila mtoto aliyemzaa. Bi Thureya aliutazama ule mchoro. Halafu akaweka kidole kwenye ua la mwisho, dogo kuliko yote, akasema, "Hili mie. Mie ndo kitinda mimba." Nilitoka pale najiona nimerefuka.

Sasa kosa langu.

Ukipokea dhahabu ya mtu, unaipima mbele yake. Kwanza uzito. Halafu unaikwaruza kidogo kwa tupa mahali pasipoonekana, unaisugua pale ulipokwaruza kwenye jiwe jeusi mpaka iache mstari, unadondosha tone la tindikali juu ya mstari. Mstari ukibaki ni dhahabu, ukifutika si dhahabu. Mwenyewe anaona, wewe unaona, mnaandikiana, ndipo unaondoka nayo. Ni somo la wiki ya kwanza. Siku ile nilikuwa na kila kitu mkobani, na kichupa cha tindikali nilishakitoa.

Mama akanikata jicho.

Lile jicho nalijua tangu utotoni. Maana yake ilikuwa: unampima Bi Thureya? Mahari ya marehemu mama yake unaimwagia dawa mbele ya uso wake, kama vile kaiokota? Nikakirudisha kichupa mkobani. Bi Thureya akasema, "Chukua tu, mwanangu, hiyo ni amana." Nikaipokea kwa mikono miwili, kwa adabu zangu zote. Niliiona nyepesi kidogo. Nikajiambia labda ina uwazi ndani, za zamani nyingine huwa hivyo.

Alhamisi, kwenye karakana ya chuo, nikaikata.

Msumeno ulipita ngozi ya juu, halafu sauti ikabadilika. Unga ulioanguka kwenye meza haukuwa wa dhahabu. Nikatazama pale palipokatika: juu dhahabu, nyembamba kama ganda la kitunguu, na ndani shaba tupu. Nikaketi. Nikasimama.

Mwalimu wangu aliishika, akaigeuza, hakuhitaji hata jiwe. Akaniuliza swali moja tu, "Uliipima mbele ya mwenyewe?" Nikasema hapana. Akairudisha mezani taratibu. "Basi hiyo shaba ni yako," akasema. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonimaliza.

Alikuwa sahihi. Nani ataamini? Nilipewa bangili ya dhahabu, narudisha shaba. Mwizi yeyote angesema maneno ninayosema mimi. Na jina litakalochafuka si langu peke yangu. Mama anaingia vyumbani mwa watu, mbele ya masanduku yaliyo wazi na vito vimetandazwa kitandani. Wakisema mwanawe mwizi, nani atamwita tena kupaka hina?

Na hapa niungame, maana bila hivyo kuandika hakuna faida. Alhamisi ile nilifikiria kunyamaza. Ningetengeneza kidani kwa ileile shaba, nikipake dhahabu, nikipeleke kimefungwa vizuri. Nani angejua? Niliwaza hivyo mchana mzima, mpaka rangi ya kupakia nikawa naihesabu ingetosha maua mangapi. Kilichonizuia ni woga tu, siwezi kudai kingine.

Leo asubuhi nilimwambia mama naenda chuo. Nikaenda Kinondoni.

Bi Thureya alinipokea kama kawaida, shikamoo, marahaba, mama hajambo, kaa hapa penye upepo. Mwanawe Sudi alikuwepo, baba yake Nasra, mtu wa duka la vifaa vya ujenzi, mkubwa wa mwili na wa sauti. Nikafungua kitambaa mezani. Nikaeleza. Sikumbuki maneno niliyotumia, nakumbuka tu kwamba nilikuwa nalitazama zulia.

Sudi ndiye aliyeanza. "Sista, subiri kwanza. Unamwambia mama yangu mahari ya bibi yangu ni shaba?" Akainua kipande kimoja. "Bangili imelala kabatini humu tangu nazaliwa, imetoka kwenda kwako, imerudi shaba. Hii ishu tuimalize kituoni, au unasemaje?"

Nikamwonyesha pale palipokatika.

Kulikuwa na njia moja tu ya kujisafisha, na nilikuwa nimeijua tangu Alhamisi lakini sikuthubutu hata kuiwaza hadi mwisho. Bangili zilikuwa mbili. Ya pili ilikuwa palepale mbele yangu, kwenye mkono wa Bi Thureya, ambayo mimi sijawahi kuigusa. Ikiwa shaba, mimi si mwizi. Ikiwa dhahabu, mimi ni mwizi mpaka kufa. Lakini ningemwambiaje mzee kama yule, niazime mkono wako niikwaruze mahari ya mama yako?

Sikumwambia. Alinitangulia.

"Sudi, hebu toka nje, barazani," akasema. "Mama," Sudi akaanza. "Toka, baba. Kitu cha mama yangu nitakitazama mwenyewe." Sudi akatoka, simu tayari iko sikioni. Bi Thureya akapandisha mkono wa gauni, akauweka mkono wake juu ya meza kama anayetaka kupakwa hina. "Haya. Fanya."

Nilitoa tupa. Mkono ulinitetemeka hadi akanishika kwa ule mkono wake mwingine. "Tulia, mwanangu. Wa kutetemeka ni mie." Nikakwaruza upande wa ndani, kidogo sana. Nikasugua jiwe pale. Bangili ikaacha hapo mstari wa njano, mzuri, na moyo wangu ukasimama. Nikaliweka jiwe mbali na mkono wake, nikadondosha tone.

Mstari ukachemka. Ukawa kijani. Ukafutika.

Nilifurahi.

Mungu anisamehe, nilifurahi mpaka machozi yakanitoka. Mzee wa watu yuko mbele yangu, heshima ya mama yake imeyeyuka juu ya jiwe langu, na mimi usoni nimechanua. Aliniona. Najua aliniona, kwa sababu ndipo alipoushusha mkono wa gauni.

Kisha akaanza kusema, pole pole, kama hasemi na mimi. Baba yake alipofariki yeye alikuwa na miaka tisa, na nyumbani walikuwa wanalala na njaa. Siku moja mama yake alizifunga bangili kwenye kitambaa, akaenda nazo mjini kwa sonara kuziuza. Jioni akarudi nazo. Akawaambia kabadili nia, hizi ni heshima yake, haziuzwi. Hakuzungumzia tena kuziuza mpaka alipozikwa.

"Kumbe alijua," Bi Thureya akasema. "Alijua, akanyamaza. Akatulea na njaa yetu, akamfichia baba aibu yake."

Nilianza kumpa pole. Sudi akawa amerudi, amesimama mlangoni. "Vipi, mama?"

"Dhahabu," akasema.

"Na ile aliyoikata?"

"Nayo dhahabu. Mtoto kakosea dawa. Si mwanafunzi huyu, bado anajifunza? Kajitia hofu bure."

Sudi akanitazama, halafu akacheka, kicheko cha mtu aliyetua mzigo. "Sista, ulikuwa unatuua kwa presha!" Akaniomba radhi. Akaniletea soda kwa mkono wake. Na mimi nikaitikia kwa kichwa, ndiyo, nilikosea dawa. Nikanywa na soda.

Bi Thureya alinisindikiza hadi mlangoni. Akanirudishia vipande ndani ya kitambaa chake, akaninong'oneza, "Kitengeneze hivyohivyo. Kipake, king'ae. Nasra asijue, wala mtu yeyote. Mama kalibeba hili maisha yake yote, na mie nitalibeba. Utanisaidia, mwanangu."

Nikasema, "Sawa, Bi."

Nimesema sawa.

Njia nzima kurudi nilijiona nimepona. Kituo cha polisi sitakiona, mama ataendelea na kazi yake, na aibu ya kuitwa mwanafunzi asiyejua dawa nitaivumilia. Nilipofika Buguruni ndipo nikaanza kufikiri, na woga ukarudi wote, pamoja na mwingine mpya.

Nasra ana miaka ishirini na mbili. Atakuwa na kile kidani miaka hamsini. Ipo siku atahitaji pesa, au mnyororo utakatika, au atataka tu kujua thamani yake, atampelekea sonara. Yule sonara hatakuwa mjinga kama mimi. Atakikwaruza, atasugua jiwe, atadondosha tone. Na nyuma ya kidani, kwenye ua la saba, itakuwepo alama yangu, maana chuoni kila kazi tunaigonga alama. Watauliza nani alitengeneza. Sudi atasema: huyo binti aliipima mbele ya mama mwenyewe, ikawa dhahabu. Na siku hiyo labda Bi Thureya hayupo tena, na neno lake la mwisho kuhusu bangili ile ni dhahabu.

Alinitoa kwenye kesi moja akanitia kwenye nyingine ambayo haina tarehe. Hakukusudia, najua. Alikuwa anamlinda mama yake. Hata mimi sasa hivi ningemfanyia mama yangu hivyohivyo.

Mama karudi nikiwa naandika aya ile ya juu. Hakuvua hata viatu. "Bi Thureya kanipigia!" Uso wote meno. "Kakusifia, mwanangu, mpaka mie nikaona aibu. Anasema una mkono mwepesi na mdomo mzito. Anasema harusi hii na ya mdogo wake Nasra, kazi zote zako." Akanishika mashavu kwa vidole vyake vyekundu vya hina. Nikatabasamu. Anaimba huko uani sasa hivi, anafua.

Sijamwambia. Siri si yangu, na sijui kama nina haki ya kumbebesha.

Lakini nimeamua, na naliandika hapa kusudi nisije nikajidai sikuliamua. Sitakipaka. Kesho nitarudi Kinondoni nimwambie Bi Thureya kwamba bangili ya mama yake nitaiunga. Najua kuunga. Kiungo kitaonekana kidogo kwa mtu anayekitafuta, ila itakuwa bangili yake ileile, aivae mkono wa pili au airudishe kabatini. Kikuba cha Nasra nitakitengeneza kwa madini ya fedha, maua saba kama tulivyokubaliana, na nitasema ni fedha mbele ya yeyote atakayeuliza. Na nitaomba tuandikiane karatasi, yeye na mimi tu, kwamba bangili ilikujaje kwangu na imerudije. Akitaka kumweleza mwanawe chochote kuhusu kwa nini dhahabu imegeuka fedha, atajua mwenyewe la kusema. Mimi sitamsaidia kulisema, wala sitalitoa.

Huenda akanielewa. Huenda pia akamwita Sudi, na safari hii asinitetee. Ana uwezo huo. Neno lake moja tu.

Tangu niko mdogo sijawahi kumwambia mtu mzima hapana, usoni, nikiwa nimekaa kwenye kiti chake. Nimejaribu hapa chumbani, nikiutazama ukuta. "Bi, sitaweza." Sauti inatoka kama ya mtu mwenye mafua. Nimejaribu tena, ikatoka afadhali kidogo, halafu nikamwazia yeye, ule mkono juu ya meza, na ikapotea kabisa.

Kesho saa nne nitakuwa mlangoni kwake. Nikishaitikiwa salamu tu, niliseme hapohapo. Lazima nilitamke kabla hajaniita mwanangu.