Namba Yangu Chini ya Yako

Fundi Yahya,

Mashine imeitika. Naanza na hilo, maana hukupenda hadithi ndefu ukiwa na njaa.

Tangu tukuzike, sanduku lako la vifaa liko kwangu. Mama Zuhura alilileta mwenyewe hapa kazini Masoro, akasema mume wake hakuacha mtoto wa kazi hii ila mimi. Mimi, Mkongomani wa Uvira niliyeishia darasa la tano, uliyenikuta nabeba maboksi ghalani ukanicheka: "Mgongo unao. Njoo tukutafutie kichwa."

Leo asubuhi imekuja seva mpya. Madamu Klodina, bosi wetu, alinipa mpaka saa sita mchana. Isipoongea, anaita fundi mwingine na mimi narudi kwenye maboksi. Hakusema kwa ubaya, lakini mgongo wangu ulisikia, Fundi. Umechoka huu mgongo.

Tuliipandisha kwenye fremu mimi na Inosenti, mwenzangu wa ghalani. Skrubu zote nilianza kuzikaza kwa vidole, za chini kabla ya za juu, kama ulivyotaka. Ikawaka, feni zikavuma. Nikachukua waya wako wa konsoli, ule uliouzungushia uzi mwekundu wa cherehani ya mkeo ili mtu asikuibie, nikachomeka upande mmoja kwenye seva na mwingine kwenye laptopu. Seva haina kioo. Waya huo ndio mdomo na sikio lake. Nikabonyeza kitufe cha laptopu mara moja, nikatulia. Ulikuwa ukisema, "Bisha hodi, ungoje. Mwenye nyumba hakimbii."

Kwenye laptopu zikaja takataka: alama za kuuliza, vijiti, herufi zenye kofia. Inosenti akauliza kama seva ilipitia baa za Gisimenti kunywa kabla ya kuja kazini.

Nikachomoa, nikachomeka tena. Nikazima, nikawasha. Ikafika saa tano na nusu. Kitu kimoja sikukigusa: kasi ya laptopu kuongea na seva, 9600, uliyoiandika kwa mkono wako ndani ya kifuniko cha sanduku. Niliona kuibadilisha ni kukukosoa, na wewe huwezi tena kujibu.

Ndipo nikakumbuka ile siku umefunga saumu, mashine ilivyokutesa asubuhi nzima, mwisho ukacheka peke yako. "Sisi tunaongea polepole, yeye anaongea mbio. Kosa ni letu." Namba ilikuwa si hiyo, ukaibadilisha, wala hukuona aibu. Basi mimi ni nani? Nikaweka kasi ya mbio zaidi, 115200. Nikabisha hodi. Nikangoja.

Likaja neno moja safi, herufi zimesimama sawasawa: login. Kiingereza sijui, lakini hilo ulinifundisha. Mashine inauliza wewe ni nani.

Nilicheka, Fundi, nilicheka mpaka machozi, na Inosenti akapiga makofi kama yuko harusini. Madamu akaja, akainama, akatazama. "Sawa, Fundi," akasema, akaenda zake.

Niligeuka. Nilidhani umeingia.

Ile 9600 sijaifuta. Nimeandika yangu chini yake, mwandiko mbaya, utanisamehe. Ijumaa nitampelekea Mama Zuhura habari hizi, naye najua atataka nisimulie mara mbili. Na atakayelirithi sanduku baada yangu nitamwonyesha namba zote mbili, nimwambie ya juu ni ya nani.

Pumzika, mzee wangu. Huku tunaongea.

Wako,
Mgongo