Kopo la Oili la Baba Yenu

Wanangu,

Chai iko kwenye chupa. Funikeni mkate, sisimizi wamerudi. ~~Gari la Baba msiliguse.~~ Gari nimeondoka nalo mimi.

Asubuhi niliwasikia mkibishana. Kaka mtu: “Oili ya supamaketi itaua injini ya Baba!” Dada mtu: “Soma basi nyuma ya chupa! Zote sintetiki, daraja lilelile!” Nikaingia stoo kuangalia marehemu mwenyewe alitumia ipi.

Kopo lake la oili ya kampuni yenye jina kubwa lipo palepale rafuni. Nyuma ya matairi nikakuta gunia la chupa tupu za supamaketi, na faneli ya kumiminia juu yake. Kumbe miaka yote alijaza oili ya bei nafuu kwenye kopo la fahari, halafu anatuhubiria sisi tusiguse ya supamaketi!

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Tangu tumzike sijacheka hivyo. Nikapima oili ya injini kwa kijiti chake, nikaongeza ileile yake iliyobaki kwenye kopo. Gari lililosimama tangu msiba likawaka mara moja.

Chupa tupu zitupeni. Kopo liacheni, napitia supamaketi kununua ya kulijazia.

Mama yenu, dereva