Spika za Baba, Sauti ya Mama

Jumatatu, 4 Agosti

Mafaili ya ardhi tangu asubuhi, ofisini Migori. Kugonga muhuri, kuandika namba, kupeleka dirisha la pili. Baba amepiga simu mara mbili nikiwa mbele ya bosi. Sikushika. Nilijua ni msiba. Nikagonga muhuri upande, nikaandika ukurasa upya.

Si msiba. Baba amenunua spika. Ameuza ng'ombe, akaenda Homa Bay mjini, akarudi nyumbani Rusinga na spika mbili mpya, za mbao, kila moja ndani ya boksi lake. Ameziweka sebuleni, moja huku na moja huku, picha ya Mama katikati. Kisha akatafuta waya wa kuchomeka kwenye stima, hakuuona. Muuzaji hakumwambia kwamba spika za namna hiyo haziimbi zenyewe. Zinataka amplifaya.

"Wewe ndiye umesoma," amesema. "Tafuta hicho kitu."

Rapar ya Mama ni tarehe ishirini na nne. Watu watakuja kula, kusali na kumkumbuka. Baba anataka wamsikie akiimba. Alikuwa sauti ya kwanza ya kwaya miaka yote ninayokumbuka, na kanda iliyobaki ni moja. Niliihamishia kwenye simu baada ya mazishi. Sijawahi kuisikiliza hadi mwisho.

Sijui lolote kuhusu amplifaya. Naogopa.

Jumatano, 6 Agosti

Baba amenisomea kwa simu maandishi ya nyuma ya spika, herufi moja moja. Ohm nne. Watt themanini.

Nimesoma mpaka macho yakauma. Ohm nne ni mzigo mzito. Amplifaya nyingi za bei ya chini zimetengenezewa nane, na ukizibebesha nne zinapata moto na kuungua. Hilo nimelielewa. La pili ndilo linalonitisha. Nilidhani kinachoua spika ni nguvu nyingi. Kumbe amplifaya dhaifu ikisukumwa hadi mwisho ni mbaya zaidi. Inaishiwa nguvu, sauti inakatwa vichwa, inakwaruza, na ile spika ndogo ya juu inayotoa sauti nyembamba, mafundi huiita twita, inaungua kwanza.

Kwa hiyo nikinunua mbaya, nitaua ng'ombe wa Baba mara ya pili.

Ijumaa, 8 Agosti

Duka la vyombo vya muziki karibu na stendi, saa ya chakula. Kijana wa duka ana maneno. Amenionyesha dude lenye taa za bluu na nyekundu, upande wa mbele limeandikwa watt elfu tatu.

"Siste, hii ukiwasha hapa Migori, Osiri wanaacha kuchimba dhahabu wanakuja kucheza."

Nimeuliza kama inabeba ohm nne. Akacheka. "Hayo ni ya shule, madam. Hapa tunauliza inatingisha mabati ama haitingishi."

Nimeiinua. Nyepesi kama boksi la viatu. Watt elfu tatu za kweli zingenivunja mgongo. Nilitaka kumwambia. Nimesema asante, nikatoka. Siwezi kubishana na mtu hata nikiwa na ukweli mkononi. Hiyo ndiyo shida yangu yote.

Jumapili, 10 Agosti

Nimebaki na njia mbili. Kuna kidude kipya cha kiganja kimoja, kinatumia chaja kama ya laptopu. Maandishi yake yanasema kinabeba ohm nne, lakini nguvu yake ni ya chumba kidogo. Na kuna eks-UK, amplifaya kuukuu kwa fundi mmoja wa soko la juu. Nzito. Nyuma imeandikwa ohm nne hadi kumi na sita. Ina umri kunizidi. Inaweza kuishi miaka kumi au kufa njiani.

Kipya kiwe kidogo, au kikubwa kiwe kizee. Akiba yangu haifiki kwingine.

Baba mdogo Owino amepiga. Yeye ndiye msimamizi wa rapar. Hakuuliza kama nimepata. Aliuliza kama itasikika hadi barabarani. Nikasema spika hizi ni za sebuleni.

"Nyathina, mwanangu," akasema, "rapar isiyosikika barabarani, watu watasema tumemkumbuka nani? Paka?"

Nimecheka. Sikutaka kucheka.

Jumanne, 12 Agosti

Nimeomba ruhusa ya Ijumaa na Jumatatu. Mkataba wangu unaisha mwezi ujao. Bosi amesema nenda, lakini jinsi alivyosema, sijui.

Alhamisi, 14 Agosti

Nimenunua eks-UK. Fundi aliiwasha kwa spika zake kuukuu, ikaimba vizuri, haikuvuma. Nimeishika mgongoni kwa muda. Moto wa kawaida. Nimeuliza maswali mengi mno. Mwishowe akasema, "Dada, hata bwana harusi haulizwi hivi."

Iko kitandani, nimeifunika leso. Naitazama. Naona nimekosea.

Jumanne, 19 Agosti

Nimefanya hesabu tena. Kwa nguvu yake na spika za Baba, kitufe cha sauti kisivuke nusu. Nusu inatosha sebule iliyojaa watu. Nimetia nukta ya rangi ya kucha, nyekundu, pale pa kukomea.

Nitamwambia Baba mdogo. Nimejizoeza mbele ya kioo. Baba mdogo, tafadhali, isivuke hapa. Maneno matano tu. Sauti yangu inaisha kwenye la tatu.

Ijumaa, 22 Agosti

Nyumbani. Nimevuka daraja la Mbita na mzigo wangu mapajani kama mtoto mgonjwa. Baba ameupokea kwa mikono miwili. Jua lilikuwa linazama, Sabato inaingia, hakutaka kuwasha chochote. Tumekula samaki wa jana. Spika ni nzuri kuliko nilivyofikiri. Anazipangusa na kitambaa cha miwani.

Jumamosi, 23 Agosti

Jua limezama, tukawasha.

Nimeunganisha waya mwenyewe, nyekundu kwa nyekundu, nikakagua mara tatu. Kitufe chini kabisa. Kisha simu. Kisha polepole.

Kwaya kwanza. Halafu yeye. Nimesikia akivuta pumzi kabla ya ubeti. Nimesikia ulimi wake ukigusa meno. Kwenye simu haya hayakuwepo. Kila neno lilikuwa zima, kama amesimama kati ya zile spika mbili, mahali pale pale penye picha.

Nimetoka nje nikalia karibu na tangi la maji. Niliporudi Baba alikuwa hajasogea. Amesema, "Ni yeye." Basi.

Kwa mara ya kwanza tangu azikwe sikuogopa kitu. Nimekaa hivyo labda saa nzima. Nilipaswa kujua.

Jumapili, 24 Agosti

Naandika kwa sababu sijui nifanye nini kingine.

Watu walikuwa wengi kuliko viti. Mahema mawili uani. Sebule ilikuwa ya wazee wachache tu. Baada ya sala, Baba mdogo aliagiza spika zitolewe nje, zikapandishwa juu ya meza. Amplifaya nayo, juani, kwa waya mrefu wa stima. Nilisimama karibu. Nilikuwa na maneno yangu matano.

Mama akaanza. Nje, kwenye upepo wa ziwa, nusu haikutosha. Watu wa hema la nyuma walikuwa bado wanaongea. Baba mdogo akasema, "Hii ni sauti ama ni siri?" Wakacheka. Akazungusha kitufe. Kikapita nukta nyekundu. Nilikiona kikipita.

Nilisema, "Baba mdogo." Hakusikia. Wajomba wa Mama walikuwa pale, mchungaji alikuwa pale, wanaume wote wamesimama. Mimi binti, nina sahani za watu mkononi. Kumkatiza mkubwa mbele ya wageni, siku ya Mama. Nilifikiria watakavyonitazama. Hilo tu. Nilifikiria macho yao.

Akazungusha hadi mwisho. Sauti ikaanza kukwaruza. Wanawake wa kwaya yake wakasimama wakaimba naye, wakapunga leso, wengine wakilia. Ilikuwa nzuri, nakubali. Watu wa barabarani walisimama. Baba alikuwa kitini anatikisa kichwa. Na mimi peke yangu nilisikia ile mikwaruzo, nikajua kinachoungua, nikaendelea kushika sahani.

Kulikuwa na harufu ndogo ya waya. Ikapeperushwa na moshi wa jikoni.

Jumatatu, 25 Agosti

Wageni wa mwisho wameondoka. Baba aliwasindikiza hadi kituoni. Nimezirudisha spika ndani, nikaziweka pande zote za picha, nikawasha, chini kabisa.

Amplifaya haina kosa. Nilichagua vizuri. Hilo ndilo linaloniua.

Twita zote mbili zimekufa. Mama anaimba bado, lakini maneno hayapo. Ni mvumo wa sauti yake tu, kama mtu anayeimba nyumba ya pili, mlango umefungwa. Pumzi haipo. Ulimi haupo.

Nilizima kabla Baba hajafika. Nikamwambia nimechelewa, nikaondoka. Sikumwambia. Mwoga, mwoga, mwoga.

Jumatano, 27 Agosti

Fundi anasema twita za aina ile hazipatikani Migori, wala Kisumu. Anaweza kufunga nyingine yoyote, lakini sauti haitakuwa ile. Sauti ya mtu itageuka, amesema.

Sitaki igeuke. Ningemfanya awe mtu mwingine.

Kazini nimegonga muhuri juu chini. Bosi ameona. Sijali, na kutojali kwangu kunanitisha kuliko bosi.

Jumamosi, 30 Agosti

Ninaenda kumwambia Baba. Safari hii sijajizoeza.

Jumapili, 31 Agosti

Nimemkuta amekaa mbele ya spika, ameshavaa miwani, ananisubiri. Hajui kuwasha bado. Anaogopa kuharibu.

"Niwekee," amesema.

Nilisema, "Baba, kuna jambo." Akasema litangoja wimbo uishe. Nikaweka.

Ule mvumo. Ule mlango uliofungwa. Nilitazama sakafu. Nilingoja aulize imekuwaje. Wimbo ukaisha, nikainua macho. Uso wake ulikuwa vile vile kama Jumamosi ile. Vile vile kabisa. Machozi mahali pale pale.

Amesema spika ni nzuri mno. Anamsikia, kila kitu.

Nimekaa. Nikakumbuka anavyoniomba nirudie maneno kwenye simu. Anavyomwacha chiriku wa dirishani aimbe bila kugeuka. Ana miaka sabini na tano, na sauti nyembamba hazimfikii tena. Ile pumzi, ule ulimi wa Mama kwenye meno, hakuvisikia hata siku ile. Vilikuwepo kwa jioni moja, na aliyevisikia ni mimi.

Amevua miwani akaipangusa. "Ulikuwa na jambo?"

"Hapana, Baba."

Nimeweka sikio kwenye ile spika ndogo ya juu. Hakuna kitu. Ameomba wimbo tena. Nimemwekea tena.