Sentensi Niliyoimeza Mbele ya Daktari

Jumapili, Nanyala. Saa nane mchana na ukungu bado haujaondoka. Nimejifunika shuka na sina hamu ya kuongea na mtu.

Leo mama kasimama kanisani kutoa ushuhuda. Amesema ametibiwa macho Dar es Salaam, na ikifika Krismasi atamwona mjukuu wake. Kina mama wakaimba. Mimi nilikuwa benchi la pili, nimempakata mwanangu Lusekelo, nikapiga makofi kama wengine.

Mimi ni mwongo. Nianzie hapo.

Mama ana presha ya macho. Dawa ya matone ilishindwa, upasuaji nao ukashindwa, ndipo tukaelekezwa kwenye tiba ya mawimbi ya sauti. Wanaweka kifaa kama pete juu ya jicho, dakika chache tu, mawimbi yanapunguza nguvu ya sehemu inayotengeneza maji ndani ya jicho. Presha imeshuka kweli. Kwenye hilo sikudanganya.

Lakini kabla hawajaanza, daktari alinigeukia mimi, maana Kiswahili cha mama ni cha kuuzia mahindi tu.

"Mweleze vizuri," akasema. "Tunalinda mwanga kidogo uliobaki jicho la kushoto. Kilichokwisha kupotea hakirudi."

Nikamwambia mama kwa Kinyiha kwamba ataona tena, taratibu.

Akacheka, akanibana mkono. Niliona aibu kuyafuta maneno yangu. Kwenye basi nikajipa moyo kwamba nitamwambia tukifika Iringa. Iringa nikasema Mbeya. Sasa ni wiki ya tatu tuko nyumbani.

Kila asubuhi anamchukua Lusekelo, anakaa naye mlangoni penye mwanga, anamsogeza karibu kabisa na uso wake, anasubiri. Kisha ananirudishia.

"Bado, mwanangu. Dawa yao inakwenda polepole."

Mama hamlaumu mtu yeyote. Hilo ndilo linaloniumiza zaidi.

Leo baada ya ibada, shangazi alitaka kumwambia mama ni nani mtoto anafanana naye. Mama akamkatiza. "Usiniambie. Nitajionea mwenyewe."

Kesho asubuhi, kabla hajamchukua mtoto, nitamwambia. Sijui nitaanzaje, na naogopa hataniamini tena.

Lusekelo amefanana na marehemu baba yangu, hadi kidevu. Kanisa zima linajua, isipokuwa mama.